Kidole Kisichogusa

Jino la kwanza liling'olewa Machi, Eluned,
la pili Juni, yote mawili mazima,
meupe kama vipande vya sahani.
Daktari wa meno aliyaweka juu ya karatasi,
akayatazama kitambo, kisha akatutazama sisi,
akasema: labda ni la tatu.
Ulikataa kwa mkono. Kichwa hakikuthubutu kutikisika.

Hapa Blaenau mvua haina adabu,
huingia ubavuni, na upepo huitangulia.
Nawe tangu ujana unagawa barua mlango kwa mlango,
mbwa wa mtaa wakijua hatua zako.
Siku hizi upepo ukikugusa shavu la kulia
wasimama ghafla katikati ya njia,
barua za watu mkononi,
ukingoja radi ikupitie.

Tulikwenda kwa wa masikio: masikio safi.
Kwa wa pua: picha haina kitu.
Wa taya alikupa plastiki ya kulalia,
asubuhi nikaikuta kwenye sinki, imepasuka.
Na ile kliniki ya maumivu kule bondeni,
ambayo jina lake lilitutia moyo,
kumbe ni ya migongo. Watu wema kabisa.
Wakatufundisha namna ya kuinua ndoo.
Njiani ulicheka kwa nusu ya uso:
Ifan, kuinua nimeshajua,
sasa nitafutie ndoo.

Adhabu ya kaburi aijuaye ni maiti;
mimi nilalaye kando yake
najua ubaridi tu.

Lakini ningepaswa kujua zaidi, mimi fundi wa mapaa.
Miaka thelathini nimepanda ngazi za watu
nikiwaambia: mama, tone linaanguka jikoni,
ila kigae kilichopasuka kiko kule juu, karibu na bomba la moshi;
maji husafiri juu ya mbao kabla hayajajionyesha.
Niliwaambia wote. Kisha nikakushika mkono
nikakupeleka kung'oa dari.

Aliyeuliza alikuwa daktari wa zamu, binti mdogo,
mafua yamemjaa, kikombe cha chai kimepoa.
Yakija, hukaa muda gani?
Hakuna aliyewahi kutuuliza.
Sekunde, ukasema. Kisha tena. Kisha tena.
Akaacha kuandika.
Akasema wapo watu Liverpool, kazi yao ni neva za uso tu,
na kwamba foleni ni ndefu, na kwamba anasikitika.

Miezi saba.
Siku ile bahasha uliiona mwenyewe
kwenye meza ya kupangia, jina lako juu yake.
Hukuifungua. Uliitia mkobani, namba ya mwisho,
ukapita Lord Street, ukapita kanisani, kwa akina Parry,
skafu imekufunika hadi jichoni,
ukafika kwetu, ukaitumbukiza mlangoni,
ndipo ukaingia ukaiokota.
Utaratibu ni utaratibu, ulisema, na mikono inatetemeka.

Dakta Sivanesan hakukugusa.
Nionyeshe njia yake kwa kidole, alisema, usiguse.
Kidole chako kikaelea hewani
kutoka sikioni hadi pembe ya mdomo,
naye akakifuata kwa macho
kama mtu anayesoma mstari alioujua zamani.
Akachora mshipa wa fahamu, matawi matatu,
akaweka nukta mbali, ndani, mahali meno hayafiki.
Nikaona kigae changu.

Hujapona. Nisidanganye.
Vidonge vinakupa kizunguzungu, vinaiba maneno;
jana uliniita kwa jina la kaka yangu,
na upasuaji bado wanaujadili.

Ila leo alfajiri, nikiwa nusu ya ngazi,
nilisikia mswaki wako bafuni, upande wa kushoto,
ukasita.
Ukavuka kulia.
Nikasimama palepale, buti mkononi, sipumui,
kama nisimamavyo chini ya paa jipya
mvua ya kwanza inapoanza.